Mwongozo Kamili wa Kuchagua Draivu ya Kanda kwa Nakala Rudufu za Mtandao wa Nyumbani

Wasomaji wanaoomba msaada baada ya kununua draivu ya kanda, yaani mashine inayoandika data kwenye utepe wa sumaku, hukwama karibu kila mara katika mojawapo ya sehemu mbili. Baadhi yao wana draivu nzima mezani ambayo haiingii katika tundu lolote la kompyuta waliyonayo. Wengine wameiunganisha, lakini kanda inasimama, inarudi nyuma na kuanza upya usiku kucha, na baada ya miezi michache draivu inaanza kukataa kanda ambazo awali ilizisoma bila shida. Makosa yote mawili hufanyika kabla ya fedha kulipwa, na chanzo chake ni kimoja: draivu ilichaguliwa kwa kutazama ukubwa ulioandikwa kwenye kasha.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na kiasi cha data, kisha kasi ambayo nyumba yako inaweza kuilisha draivu, kisha kizazi, kisha kiunganishi, na mwisho kabisa bei. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unahusu kanda za LTO peke yake, aina ya kanda inayotolewa kwa vizazi vyenye namba kama LTO-5 na LTO-6, kwa sababu ndizo ambazo mtu wa kawaida anaweza bado kupata draivu, kanda na programu zake kwa urahisi. Draivu za zamani za DDS, DLT, AIT na Travan huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini kanda zake ni ndogo na vipuri vimeadimika, ziache. Vilevile, usichanganye kanda na RDX, ambayo kwa umbo inafanana na kanda lakini ndani yake mna diski.

## Vitu vinavyohitajika

- Draivu moja ya LTO yenye kiunganishi cha SAS (kile kinachotumika kwa diski na draivu za seva), ikiwezekana ile ya nje yenye kasha, feni na umeme wake.
- Kompyuta ya mezani au seva ndogo yenye nafasi tupu ya PCI Express ya x8 au x16 (mahali pa kuchomekea kadi za ziada kwenye ubao mama). Kompyuta ya mkononi haifai, na vihifadhi vingi vya mtandao vya nyumbani (NAS, yaani masanduku ya diski yanayotumiwa na kompyuta zote za nyumba) havina nafasi hiyo.
- Kadi ya SAS ya aina ya HBA, inayopitisha kifaa moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, yaani isiyo ya RAID inayounganisha diski kadhaa pamoja, yenye matundu ya nje. LSI 9200-8e na 9207-8e zimetumika kwa miaka mingi na hupatikana zikiwa zimetumika.
- Kebo inayolingana na tundu la kadi upande mmoja na tundu la draivu upande wa pili.
- Kanda za data za kutosha seti mbili, pamoja na kanda moja ya kusafishia.
- SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) yenye nafasi ya kukusanyia data kabla ya kuiandika.
- UPS, yaani betri inayoshikilia umeme kwa muda, ikiwa umeme wa kwenu hukatika.
- Lebo na daftari la karatasi.

## Hatua ya 1: Hesabu data isiyoweza kupatikana tena

Orodhesha picha, video ulizorekodi mwenyewe, nyaraka, rekodi za kazi na miradi iliyokamilika. Filamu na programu unazoweza kupakua upya zisikuongezee gharama. Kisha kadiria ongezeko la miaka 5. Nyumba yenye TB 8 leo, ambayo huongeza TB 1 kila mwaka, ipange kwa TB 13.

Kuna mtego mdogo hapa. Ukubwa wa kanda huhesabiwa kwa makumi, ambapo TB 1 ni baiti trilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024 huku ikitumia herufi zilezile. Kwa hiyo folda ambayo Windows inaonyesha kuwa TB 8 itachukua karibu TB 8.8 za kanda. Wengi hugundua tofauti hii kanda ya mwisho inapojaa kabla ya kazi kumalizika.

Mtego mkubwa zaidi ni namba mbili zinazoandikwa kwenye kasha. Kanda ya LTO-5 hubeba TB 1.5, lakini kasha husema TB 3. Ya LTO-6 hubeba TB 2.5, lakini kasha husema TB 6.25. Namba kubwa inadhani kwamba data itabanwa mara mbili, au mara mbili na nusu kuanzia LTO-6. Picha za JPEG, video za MP4 na muziki wa MP3 tayari zimebanwa, na draivu haitaweza kuzipunguza zaidi. Tumia namba ndogo katika kila hesabu.

Kwa mfano wetu wa TB 13, seti moja inahitaji kanda 9 za LTO-5, au 6 za LTO-6, au 2 za LTO-8. Zidisha kwa mbili, kwa sababu seti moja peke yake inayokaa nyumba moja na data yenyewe haikulindi dhidi ya moto wala wezi.

Ikiwa jumla yako iko chini ya TB 10 na haikui kwa kasi, ushauri wangu ni kununua diski mbili kubwa za nje na kuacha kanda kabisa. Gharama ya kanda iko kwenye draivu, kadi na kebo, na gharama hiyo hulipwa kabla hujaandika hata faili moja. Unafuu huja pale kila seti mpya inapohitaji kanda tu.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba moja ya TB iliyoandikwa, ambayo hutaibadilisha kwa sababu umeona tangazo zuri.

## Hatua ya 2: Pima kasi ambayo nyumba yako inaweza kutoa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoamua kama draivu itadumu.

Diski ikisubiri data haidhuriki, lakini kanda ni tofauti. Draivu inaandika huku utepe wa mamia ya mita ukipita mbele ya kichwa kwa kasi, na data ikikauka, injini lazima isimamishe utepe, iurudishe nyuma kupita mahali ilipoishia, kisha iuanzishe tena. Kila mzunguko wa namna hiyo hugharimu sekunde kadhaa, husugua kichwa na utepe, na kuongeza joto. Kujaza kanda ya LTO-6 kunahitaji utepe wote upite kutoka mwanzo hadi mwisho mara 136 hata mambo yakienda sawasawa. Ukiongeza maelfu ya kusimama na kurudi, unatafuna uhai wa kanda na wa draivu kwa pamoja.

Ili kupunguza tatizo hili, draivu za LTO zinaweza kushusha mwendo zilingane na data inayofika, lakini zina kiwango cha chini ambacho haziwezi kukivuka. Kasi zao, kwa data isiyobanika, ni hizi:

- LTO-5: hadi MB 140 kwa sekunde, na kiwango cha chini ni kati ya 40 na 50.
- LTO-6: hadi MB 160, na kiwango cha chini ni kati ya 40 na 55 kulingana na mtengenezaji.
- LTO-7: hadi MB 300, na kiwango cha chini ni karibu 100.
- LTO-8: hadi MB 300 kwa draivu za nusu kimo na 360 kwa za kimo kizima, na kiwango cha chini kiko karibu na kile cha LTO-7.

Sasa tazama mtandao wako. Kebo na swichi za gigabiti moja, ambazo ndizo zilizomo katika nyumba nyingi, hupitisha takribani MB 110 kwa sekunde kila kitu kikiwa kizuri. Wi-Fi hushuka na kupanda, na haifai kuilisha draivu moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anayenunua LTO-7 na kuilisha kupitia gigabiti moja anaishi ukingoni kabisa mwa kiwango cha chini. Mtu mwingine nyumbani akianza kutazama video kutoka kihifadhi kilekile, kanda inaanza kusimama.

Pima hivi. Chukua folda ya GB 50 au zaidi yenye video kubwa, inakili kutoka kihifadhi cha mtandao hadi kwenye kompyuta itakayobeba draivu, hesabu sekunde, kisha gawanya megabaiti kwa sekunde hizo. Rudia kwa folda yenye maelfu ya picha au nyaraka ndogo. Tegemea jaribio la pili kuwa la polepole mno kuliko la kwanza, kwa sababu kufungua na kufunga kila faili kunachukua muda hata kama faili lenyewe ni dogo.

Matokeo yasome namna hii:

Ikiwa majaribio yote mawili yako juu ya MB 60, LTO-5 au LTO-6 itafanya kazi vizuri hata ukiilisha moja kwa moja kutoka mtandaoni.

Ikiwa jaribio la faili ndogo liko chini ya MB 50, unahitaji SSD ya kukusanyia. Data itoke mtandaoni polepole hadi kwenye SSD mchana, kisha itoke SSD kwenda kwenye kanda usiku. SSD ya SATA, kiunganishi cha kawaida cha diski za kompyuta za nyumbani, husoma takribani MB 500 kwa sekunde kwa faili kubwa, na hilo linaitosheleza draivu yoyote iliyotajwa hapo juu. Diski ya kawaida inayozunguka huilisha LTO-5 na LTO-6 inapokuwa na faili kubwa, lakini kasi yake hupungua sana sehemu za ndani za sahani, hivyo usiitegemee kwa LTO-7.

Ikiwa unataka LTO-7 au LTO-8, kubali mapema kwamba utahitaji mtandao wa gigabiti 10 au SSD yenye nafasi ya TB kadhaa. Kujaza kanda ya LTO-8 ya TB 12 huchukua saa 11 hivi kwa MB 300. Kwa kasi ya gigabiti moja, kazi hiyohiyo ingechukua zaidi ya saa 30, na draivu ikiteseka muda wote. Kanda ya LTO-6 inajaa kwa saa 4 na dakika 20 kwa kasi yake kamili, au kwa saa 6 na zaidi kidogo kupitia gigabiti moja. Kazi hiyo inakamilika watu wakiwa wamelala.

## Hatua ya 3: Chagua kizazi kwa kutazama nani atazisoma kanda zako

Draivu itakufa siku moja. Swali ni kama utaweza kupata nyingine itakayosoma kanda zilizobaki.

Hadi LTO-7, kanuni ilikuwa rahisi: draivu huandika kanda za kizazi chake na kizazi kimoja nyuma, na husoma hadi vizazi viwili nyuma. LTO-6 husoma LTO-4, LTO-5 na LTO-6. LTO-7 husoma LTO-5 hadi LTO-7. Kanuni hiyo ilikatika mwaka 2017 ilipotoka LTO-8, ambayo inasoma na kuandika LTO-7 na LTO-8 tu. LTO-9 ya mwaka 2021 inakubali LTO-8 na LTO-9, na LTO-10 ya mwaka 2025 haikubali kanda ya kizazi kingine chochote.

Kutokana na hayo, hukumu yangu kwa nyumba nyingi ni LTO-6 iliyotumika. Inalingana na gigabiti moja, kanda zake za TB 2.5 hazikulazimishi kubadilisha kila saa, na ikifa unaweza kununua LTO-6 nyingine au LTO-7, ambayo itazisoma na hata kuziandika kanda zako. LTO-5 inafaa pale bei yake inapokuwa chini sana na data yako haizidi TB 10 au 15. LTO-4 naikataa hata ikitolewa bure: haina uwezo wa kugawa kanda sehemu mbili, kwa hiyo mfumo wa LTFS unaoonyesha kanda kama folda hauwezi kufanya kazi, na inasomwa na draivu za LTO-5 na LTO-6 tu zaidi ya kizazi chake.

LTO-8 na LTO-9 zikiwa mpya hugharimu maelfu ya dola kwa draivu peke yake. Mpiga video anayetunza kazi za wateja nyumbani, akiwa na TB 60 na kuendelea, anaweza kuihalalisha gharama hiyo kwa wepesi wa kazi. Akichagua LTO-9, ajue kwamba kila kanda mpya hupimwa na draivu mara ya kwanza inapoingizwa, na upimaji huo unaweza kufika saa 2. Wengi wamedhani draivu imeganda na kuizima katikati.

## Hatua ya 4: Hakikisha kiunganishi kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji picha ya nyuma ya draivu. Usikubali maelezo ya mdomo.

Matundu mawili madogo ya mraba yaliyokaa pamoja kwa ajili ya kebo ya nyuzi za mwanga ni Fibre Channel. Draivu za namna hiyo ndizo zinazouzwa kwa bei ya chini kuliko zote, kwa sababu nyingi zimeng'olewa kutoka roboti za kanda za vituo vya data. Mara nyingi huja bila kasha, bila njia ya kawaida ya kupata umeme, na nyingine hukataa kufanya kazi zisipowasiliana na roboti lao. Ziepuke.

Tundu pana lenye pini nyingi katika safu mbili, la enzi za SCSI, ni la draivu za zamani. Liache pia.

Unachotafuta ni SAS. Draivu za nje za LTO-5 na LTO-6 kwa kawaida zina tundu la SFF-8088, wakati vifaa vipya zaidi vina SFF-8644, ambalo ni dogo. Kebo zenye SFF-8088 upande mmoja na SFF-8644 upande wa pili zipo, kwa hiyo tofauti hiyo haizuii kazi, ila lazima uijue kabla ya kuagiza.

Draivu za ndani zina tundu linalofanana mno na la diski za SATA, na hapo ndipo wengi hupotea. Diski ya SATA inaweza kufanya kazi kwenye kadi ya SAS, lakini draivu ya SAS haifanyi kazi kamwe kwenye tundu la SATA la ubao mama, hata kebo ikilazimishwa kuingia. Pia draivu ya ndani haina feni ya kutosha. Katika kasha la kompyuta lisilo na hewa inayopita mbele yake, itapata joto na kuanza kutoa makosa. Ndiyo maana nimependekeza ya nje.

Kadi za RAID nyingi haziipitishi kanda hadi kwenye mfumo endeshi, au huipitisha kwa matatizo. Vigeuzi vya kutoka USB kwenda SAS usivitegemee. Watumiaji wa Mac wana draivu za Thunderbolt, ambazo ni ghali lakini hazihitaji kadi.

Mambo yakiwa sawa, kwenye Linux amri `lsscsi -g` itaonyesha mstari wenye neno *tape* na anwani `/dev/st0`. Mstari huo ukionekana, sehemu ngumu ya uunganishaji imekwisha.

## Hatua ya 5: Kagua draivu iliyotumika

Mnunuzi aliye Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwa kawaida huagiza kutoka nje, hulipia usafiri na ushuru, na kurudisha kifaa kibovu kunaweza kugharimu karibu sawa na kukinunua. Kwa sababu hiyo maswali yote yaulizwe kabla.

Omba video fupi ikionyesha draivu ikimeza kanda, ikitulia bila taa ya onyo, kisha ikiitema. Omba pia ripoti ya majaribio: draivu za IBM hupimwa kwa programu ya bure iitwayo ITDT, na za HP kwa Library and Tape Tools. Draivu nyingi zenye nembo ya Dell au Lenovo zimetengenezwa na IBM, hivyo hutumia ITDT. Muuzaji aliyezoea vifaa hivi hatasumbuka kutoa ripoti. Asiyetaka kuitoa, mwache.

Draivu za IBM zina kioo kidogo cha herufi moja. Ukiona C, inaomba kusafishwa. Ukiona 1, kuna tatizo la joto au feni. Ukiona 7, inalaumu kanda. Namba 5 inaashiria ubovu wa draivu yenyewe, na hiyo ni sababu ya kutoinunua.

Kifaa kikifika, kiache kwenye sanduku lake kwa saa kadhaa hadi joto lake lilingane na la chumba, ili unyevu usigande ndani. Kisha ingiza kanda ya kusafishia mara moja. Usiirudierudie kwa kudhani unasaidia: utepe wake unakwaruza kwa makusudi, na kanda nyingi za aina hiyo hutumika takribani mara 50 tu. Baada ya hapo, safisha pale draivu inapoomba.

## Hatua ya 6: Nunua kanda kwa uangalifu uleule

Kanda mpya zilizofungwa ndizo bora. Ukinunua zilizotumika, uliza swali moja lililo muhimu kuliko yote: zilifutwaje? Kampuni nyingi hufuta kanda kwa sumaku kali kabla ya kuzitupa. Kanda ya LTO ina mistari ya kuongozea kichwa iliyoandikwa kiwandani, na sumaku hiyo huifuta pamoja na data. Draivu haiwezi kuiandika upya, kwa hiyo kanda hiyo imekufa milele ingawa kwa macho inaonekana nzima.

Soma herufi mbili za mwisho kwenye lebo ya msimbo. L5, L6 na L7 ni kanda za kawaida. LV, LW na LX ni kanda za vizazi hivyohivyo ambazo huandikwa mara moja tu na haziwezi kufutwa ili zitumike tena. Kama umeziona kwa bei nafuu kuliko nyingine, huenda sababu ni hiyo.

## Hatua ya 7: Fanya jaribio la kwanza la kuandika na kusoma

Programu kwanza. Windows haina tena uwezo wake yenyewe wa kuandika nakala rudufu kwenye kanda tangu NTBackup iondolewe, kwa hiyo utahitaji LTFS ya mtengenezaji wa draivu au programu ya kulipia. Kwenye Linux una LTFS, `tar`, Bareos, Bacula, Amanda, na Proxmox Backup Server.

LTFS ni rahisi kueleweka, maana kanda hufunguka kama diski. Itumie kwa faili kubwa unazozihifadhi na kuziacha. Usifungue wala kuhariri nyaraka moja kwa moja kutoka humo, na ujue kwamba kufuta faili hakurudishi nafasi hadi kanda nzima ifomatiwe. Muhimu kuliko yote, iondoe kanda kwa amri yake kabla ya kuzima, kwa sababu orodha ya faili huandikwa mwishoni. Umeme ukikatika kabla ya hapo itabidi uirekebishe kwa `ltfsck`. Hii ndiyo kazi ya UPS.

Mimi kwa data ya nyumbani napendelea `tar`, kwa kuwa itapatikana kwenye Linux yoyote miaka 20 ijayo. Amri za msingi ni hizi; ya kwanza huiruhusu draivu kupokea vipande vya ukubwa wowote, na ya pili huandika folda ya `/data` kwa vipande vya KB 256:

`mt -f /dev/nst0 setblk 0`

`tar -b 512 -cf - /data | mbuffer -s 256k -m 4G -P 90 -o /dev/nst0`

Programu ya `mbuffer` hukusanya GB 4 kwenye kumbukumbu na haianzi kuandika hadi asilimia 90 ijae, hivyo vikwazo vifupi vya mtandao havifiki kwenye kanda.

Zingatia herufi n katika `nst0`. Ukitumia `/dev/st0`, draivu hurudisha kanda mwanzo baada ya kila amri, na nakala ya pili itaandikwa juu ya ya kwanza bila onyo lolote. Kosa hili limefuta data za watu makini.

Kwa jaribio, andika GB 200 za faili halisi huku ukisikiliza. Sauti iwe ya mvumo mmoja unaoendelea. Ukisikia injini ikisimama na kugeuka kila baada ya sekunde chache, rudi Hatua ya 2. Kisha rudisha kanda mwanzo kwa `mt -f /dev/nst0 rewind` na linganisha na diski:

`tar -b 512 -df /dev/nst0 -C /`

Amri hiyo ikimalizika bila kuandika chochote, kila faili kwenye kanda ni sawa na la kwenye diski, nawe unaweza kuifuta kanda hiyo ya majaribio na kuanza kazi halisi.

Kuanzia LTO-4, draivu zinaweza kusimba data kwa AES-256, yaani kuifunga isisomwe bila ufunguo, bila kupunguza kasi, na programu ya `stenc` huwasha uwezo huo kwenye Linux. Fanya hivyo kwa seti itakayotoka nje ya nyumba. Ufunguo uandikwe kwenye karatasi na uhifadhiwe mahali tofauti na kanda, kwani ukipotea hakuna fundi atakayekusaidia.

## Hatua ya 8: Panga mahali pa kuzihifadhi

Kwa uhifadhi wa muda mrefu, watengenezaji hupendekeza joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevunyevu wa asilimia 20 hadi 50. Katika miji ya pwani kama Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam hewa ya kawaida ina unyevunyevu unaozidi kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kabati la kawaida halitoshi. Tumia chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, weka ndani vifuko vya kukausha unyevu na kipimo kidogo cha unyevunyevu, na ubadilishe vifuko kipimo kinapopanda. Nyanda za juu tatizo huwa zaidi ni vumbi, na chombo hichohicho kinalizuia.

Simamisha kanda kwa ubavu kama vitabu, kila moja katika kasha lake. Usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kanda iliyosafirishwa kutoka mahali penye joto tofauti ikae chumbani saa 24 kabla ya kuingizwa.

Seti ya pili ipelekwe kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine au mji mwingine, na kila mwaka chukua kanda moja kutoka kila seti uisome yote. Katika chombo cha kila seti weka karatasi yenye mambo haya: kizazi cha kanda, programu iliyotumika, ukubwa wa vipande (katika mfano wetu ni KB 256), tarehe, orodha fupi ya yaliyomo, na jina la mtu anayejua ufunguo ulipo. Mtoto wako au mwenzi wako anayeikuta seti hiyo bila wewe ataweza kumpelekea fundi karatasi hiyo pamoja na kanda, na fundi atajua anunue draivu gani na aanze na amri ipi.